Chama na Mwanachama: Ni Kipi Kilicho Bora?

Watu huuliza: je, chama cha udugu kina thamani kuliko mwanachama mmoja mmoja?

Tutazame vyama vya kuzikana. Mahali kama Picha ya Ndege, Kibaha, kando ya barabara ya Morogoro, hukaa watu wengi ambao ukoo wao u mbali. Afikwapo mmoja na msiba, jirani ndiye jamaa yake. Mchango wa mtu mmoja hautoshi sanda na usafiri. Wa wengi watosha. Hivyo mwanachama hana haki ya kusema: "Mwaka huu sikufiwa, sitoi." Katika hili chama ni kikubwa kuliko matakwa ya mtu.

Lakini ikiwa fukara alishindwa kutoa, kisha akafa, na chama kikakataa kumzika ili kulinda kanuni zake, basi kimelinda daftari na kupoteza udugu.

Tena, mwaka 1976 Serikali ya Tanzania ilivunja vyama vikuu vya ushirika. Vyama vikaondoka, wakulima wakabaki na haja yao ya kuuza mazao kwa pamoja. Sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Chombo huundwa upya maadamu wenye haja wapo.

Basi mtu na aache raha yake kwa ajili ya chama, wala chama kisimwache mtu kwa ajili ya raha ya wengi. Aliye mnyonge kuliko wote ndiye mizani ya udugu wetu.