Hadhari na Kadari

Katika mithali ambazo wazee wetu wametuachia ziko mbili ambazo, zikisikiwa pamoja, huonekana kana kwamba zinagombana: moja yasema tahadhari kabla ya hatari, na ya pili yasema ajali haina kinga. Aliyeishika ya kwanza peke yake hudhani kwamba mwanadamu ndiye mlinzi wa umri wake mwenyewe, na kwamba kila aliyefikwa na msiba hapana budi alizembea. Na aliyeishika ya pili peke yake hukunja mikono, akaacha mlango bila ya komeo, kisha akasema kwamba ametawakali. Ugomvi huu hauamuliki vizuri katika shughuli za kila siku, ambamo hatari huwa mbali na macho, bali huamulika pale ambapo mtu, kwa ihtiyari yake na akili zake timamu, huiendea hatari akiijua kuwa ni hatari. Kwa sababu hiyo napenda kuutazama katika msimu mmoja wa mashindano ya dunia ya mbio za magari kwa madereva vijana, nao ni msimu wa mwaka 2011, na katika yale yaliyowafika baadaye wawili waliotwaa ushindi wake.

Mashindano haya, ambayo yamebadilishwa jina mara kwa mara, yalianza mwaka 2001, na bingwa wake wa kwanza alikuwa Sébastien Loeb wa Ufaransa, ambaye baadaye alitwaa ubingwa wa dunia wa wakubwa mara tisa mfululizo. Na mwaka 2008 taji la vijana lilimwendea Sébastien Ogier, ambaye naye aliikalia enzi hiyo hiyo. Mwaka 2011 yalipewa sura mpya na kuitwa WRC Academy. Vijana wote waliendesha gari za namna moja, Ford Fiesta R2, zenye matairi ya namna moja, ili tofauti baina yao isitokane na mali ya mzazi wala upendeleo wa kiwanda, ila itokane na ustadi wa mkono na utulivu wa moyo. Walishindana Ureno, kisha katika kisiwa cha Sardinia, kisha Finland, Ujerumani na Ufaransa, wakamalizia katika misitu ya Wales mwezi wa Novemba. Na tuzo ya bingwa ilikuwa euro 500,000 za kumgharimia mashindano ya daraja la juu katika mwaka uliofuata. Msimu ulipokwisha vijana wawili, Egon Kaur wa Estonia na Craig Breen wa Ireland, walikuwa na alama sawasawa, hata ikabidi zihesabiwe hatua moja moja za barabara ambazo kila mmoja alikuwa ameshika wakati mdogo kuliko wenzake wote. Na Breen, ambaye umri wake ulikuwa miaka 21, akaonekana amemzidi mwenzake kwa hesabu hiyo. Pembeni mwake alikuwa ameketi Gareth Roberts, mwana wa Wales, ambaye kazi yake ilikuwa kumsomea njia.

Kazi hiyo ya kusoma njia yafaa kuelezwa kwa urefu, maana ndani yake mna jambo ambalo mwenye kutazama kutoka kando ya barabara, akaona vumbi na kusikia ngurumo, hawezi kulikisia. Kabla ya siku za mbio, dereva na mwelekezi wake hupita katika kila hatua kwa mwendo wa kawaida, na dereva hutamka anayoyaona: kona ya kulia, na ukali wake kwa nambari, kisha mita kadhaa za njia iliyonyooka, kisha mwinuko, kisha jiwe lililotokeza upande wa ndani wa kona ya kushoto, ambalo halifai kukaribiwa. Mwelekezi huyaandika yote katika daftari kwa alama za mkato, wakapita tena kusahihisha. Siku ya mbio ikifika, gari hupanda mwinuko ambao unaificha barabara yote iliyo mbele, na mguu wa dereva haukiachi kikanyagio cha mafuta, kwa sababu sauti iliyo sikioni mwake imekwisha kumwambia kwamba ng'ambo ya mwinuko ule njia yaenda moja kwa moja. Neno likitangulia mno litasahauliwa, na likichelewa kwa nukta moja halitakuwa na faida yoyote. Na mwelekezi akifunua kurasa mbili pamoja badala ya moja, wote wawili wamo katika hatari ile ile. Naye, akiwa ameinamisha kichwa juu ya daftari, aghalabu haioni hata hiyo njia anayoisoma.

Mtu akilifikiri jambo hili kwa insafu ataona kwamba wepesi ule haukuwa adui wa hadhari, bali umejengwa juu yake. Miskawayh, mwanachuoni wa Uajemi aliyefariki mwaka 1030, aliueleza ushujaa, kama walivyoueleza Wayunani kabla yake, kuwa ni fadhila iliyosimama kati ya aibu mbili, upande mmoja woga na upande wa pili ule ushupavu unaovamia bila ya kupima. Mwoga haondoki mahali pake hata pale panapomwajibikia kuondoka, na mshupavu huondoka bila ya kujua aendako. Walakini shujaa huijua hatari kwa jina lake, akaipima, akaiandika, akamsikiliza mwenziwe, kisha ndipo akaenda. Kijana anayekimbiza pikipiki usiku bila ya taa katika barabara ya watu, na kijana aliyefungwa mkanda ndani ya kizimba cha vyuma katika njia iliyofungwa na kukaguliwa, hawafanyi jambo moja, hata ikiwa mishale ya mwendo katika vyombo vyao inaonyesha nambari moja.

Hata hivyo wako watu wema, nami nawaheshimu, ambao husema kwamba nafsi ni amana ya Mwenyezi Mungu, na kwamba kuihatarisha kwa ajili ya mchezo ni hiana. Msingi wa maneno yao ni wa kweli, ila matumizi yake yanahitaji kuangaliwa. Mtu aliyeaminiwa shamba hakuitunza amana ile kwa kulifunga lango na kuyaacha magugu yakamea mpaka mwenyewe arudi. Ameitunza kwa kulima, na katika kulima mna jua, na nyoka, na jembe liwezalo kumkata mguu. Lililo haramu kwake ni kuliharibu shamba kwa upuuzi. Vivyo hivyo nafsi haikuamanishwa ili ifichwe mpaka ioze. Na kijana ambaye katika kazi ngumu amejifunza subira, na kuinyamazisha hofu, na kumtegemea mwenziwe, na kushindwa bila ya kuona haya, amepata matunda ambayo hayapatikani kwa kulala. Sharti ni kwamba ijulikane hatari yenyewe ni ipi, ilipwe hadhari inayoistahili, na lile linalotafutwa liwe na thamani ya kutafutwa. Yakikosekana haya, maneno ya wale watu wema yanabaki na nguvu yao yote.

Sasa nafika mahali pagumu, ambapo hoja hii isipoweza kusimama haina haki ya kusemwa. Mwezi wa Juni mwaka 2012, miezi michache baada ya ushindi wa Wales, Breen na Roberts walikuwa katika mbio za Targa Florio kisiwani Sicily. Gari lao likaacha njia, na ukingo wa chuma uliowekwa kando ya barabara kuwa kinga ya wasafiri ukapenya ndani ya gari upande wa mwelekezi. Roberts alifariki, naye ana miaka 24. Breen alitoka salama. Waliketi bega kwa bega, baina yao hakuna hata dhiraa moja, mikanda yao ni ya namna moja, na njia waliisoma pamoja. Breen alirudi katika mashindano, akatwaa mwaka ule ule ubingwa wa dunia wa daraja la pili, akaendelea kwa miaka mingi. Na tarehe 13 Aprili 2023, miezi miwili baada ya kushika nafasi ya pili katika mbio za Sweden, gari lake liliacha njia katika majaribio huko Kroatia, likagonga nguzo ya ua, naye akafariki akiwa na miaka 33. Mara hii mwelekezi, James Fulton, hakudhurika.

Mwenye kudhani kwamba hadhari ni bei ya uhai na ayatazame mambo haya mawili. Hadhari ilikuwa moja na ajali zikawa mbili. Mara ya kwanza aliondoka msomaji akabaki dereva, mara ya pili aliondoka dereva akabaki msomaji. Kama hadhari ingekuwa bei, basi kila aliyekufa angekuwa mdeni aliyepunja, na kila aliye hai angekuwa mwadilifu aliyelipa kamili. Na hiyo ni dhuluma kwa marehemu na ghururi kwa walio hai. Hadhari ni wajibu, na wajibu hulipwa kwa kuwa ni wajibu, malipo yake yajulikane au yafichwe. Wala mtu hakukabidhiwa mwisho wa msimu wake. Alichokabidhiwa ni hatua iliyo mbele yake, na katika hiyo ataulizwa. Na mara nyingine, kama katika mizani ya mwaka 2011, hatua ndogo zilizotendwa vizuri ndizo zinazoamua pale ambapo hesabu kubwa imeshindwa kuamua.

Lakini ukweli huo huo unawakamata kwa nguvu zaidi wale wasiopanda gari. Ajali haina kinga ni maneno ya kumliwaza mjane, na ni maneno mazito yenye baraka. Yakisemwa na mwenye kuandaa mashindano ambaye hakukagua nguzo, wala hakuweka tabibu karibu, wala hakuwaondoa watazamaji katika kona, yamegeuka kuwa kificho cha taksiri. Kadari ni faraja ya aliyekwisha kutimiza wajibu, na haikuwahi kuwa udhuru wa aliyeuacha. Kila chuma kilichoua lazima kichunguzwe, kibadilishwe, kiandikwe, ili kifo cha kijana mmoja kiwe ilimu kwa mwingine.

Juma moja baada ya kifo cha Breen mbio za Kroatia zilifanyika, na wenziwe wa timu ya Hyundai waliingia katika gari zilizopakwa rangi za bendera ya Ireland. Mshindi alikuwa Elfyn Evans wa Wales, bingwa wa vijana wa mwaka 2012 aliyemfuata Breen katika taji lile, na aliyemsomea njia alikuwa Scott Martin, ambaye kwa miaka kadhaa alikuwa amemsomea Breen mwenyewe. Wawili hawa waliijua ajali kwa sura yake, na hawakuweza kujidanganya kwamba daftari lao ni hirizi. Walakini waliipitia njia, wakaandika, wakasahihisha, wakaenda, na ushindi wakamtunukia marehemu. Hapo mithali zetu mbili ziliketi ndani ya gari moja bila ya kugombana.

Jambo hili si la Ulaya peke yake. Safari Rally imerejea katika mashindano ya dunia tangu mwaka 2021, na Februari mwaka 2022 kijana wa Kenya, McRae Kimathi, pamoja na mwelekezi wake Mwangi Kioni, walishindana katika theluji ya Sweden katika mashindano haya haya ya vijana. Watafuata wengine, na mzazi ambaye mwanawe anataka kwenda huko asimzuie kwa hofu tupu, wala asimwachie kwa kusema Mungu yupo. Na amuulize njia ameisoma mara ngapi, na ni nani atakayemsomea, na ni nani atakayejibu kwa niaba yake likitokea la kutokea. Akipata majibu ya kweli, amruhusu, amwombee dua. Na asipoyapata, amkataze, kwa kuwa kumkataza hapo ni katika kuitunza amana.