Je, Ustadi Huhalalisha Mali ya Kamari?

Kila mwaka hutangazwa huko Las Vegas, Marekani, majina ya washindi wa mashindano ya karata yaitwayo World Series of Poker, yaliyoanza mwaka 1970. Mwaka 2024 mashindano yake makuu yaliingiwa na watu 10,112, kila mmoja kwa kiingilio cha dola 10,000, na Jonathan Tamayo akaondoka na dola milioni 10. Mwaka 2025 Michael Mizrachi naye akapata milioni 10. Habari kama hizi zikiwafikia vijana wetu, wako wasemao: Kamari iliyoharimishwa ni ile ya bahati tupu, ama poka ni mchezo wa akili, na mtu akishinda kwa akili yake, mali yake ina kosa gani?

Swali hili lastahili jawabu, wala si haki kulijibu kwa kukemea. Kwanza twakubali kwamba ustadi upo. Poka yataka hesabu, subira, kuzisoma nyuso za watu na kuuficha uso wako. Huyo Mizrachi, kabla ya kushinda mashindano makuu, alikuwa mwaka ule ule ameshinda shindano jingine la kiingilio cha dola 50,000, ambalo alikwisha kulishinda mara tatu kabla yake. Hayo hayamjii mtu kwa bahati peke yake. Ni kweli pia kwamba mwaka 2003 mhasibu mmoja wa Tennessee, Chris Moneymaker, aliyepata nafasi yake kupitia shindano dogo la mtandaoni la dola 86, aliwashinda mabingwa wote akatwaa dola milioni 2.5. Lakini tuliache hilo. Na tuseme mchezo wote ni ustadi.

Hata hivyo lililo muhimu kuuliza ni hili: mali hii yatoka wapi? Seremala akiuza mlango, yeye huondoka na fedha na mnunuzi huondoka na mlango. Mwaka ule wa 2024, katika kila dola 10,000 waandalizi walikata 700, na 9,300 zikaingia katika fungu la zawadi, jumla yake dola 94,041,600. Waliopata chochote ni watu 1,517. Waliobaki, watu 8,595, walirudi makwao bila ya fedha zao na bila ya mlango. Ustadi wa mshindi haukuongeza hata senti moja katika fungu lile. Kazi yake ilikuwa kuamua tu ni mfuko wa nani utakaojaa kwa vilivyotoka katika mifuko ya wengine, na orodha ya matokeo huwataja wa kwanza, haiwataji hao wengine.

Itasemwa, waliridhia. Naam, waliridhia, lakini ridhaa ya mnunuzi ni ya kupata anachokitaka, na ridhaa ya mcheza kamari ni ya kutoa chake kwa tamaa ya kutwaa cha mwenziwe. Hizi si ridhaa za namna moja, ijapokuwa zaitwa kwa jina moja.

Na ustadi wenyewe haumlindi mwenyewe. Stu Ungar, ambaye wengi wamhesabu kuwa fundi kuliko wote, alishinda mashindano makuu mwaka 1980, 1981 na 1997. Mwezi wa Novemba 1998 alikutwa amekufa katika chumba cha nyumba ya wageni ya bei rahisi mjini Las Vegas, hana mali. Dawa za kulevya zilikuwa na sehemu kubwa katika jambo hilo, wala hatutaki kuitwika kamari mzigo wote.

Hoja iliyo nzito zaidi ni ya sadaka. Mwaka 2012 lilifanywa shindano la watu 48, kila mmoja kwa dola milioni 1, na katika kila milioni dola 111,111 zikatolewa kwa shirika la One Drop liwapatialo watu maji safi. Mshindi, Antonio Esfandiari, alipata zaidi ya dola milioni 18. Nani atakataa kwamba maji yale yamewanufaisha wenye kiu?

Hakuna atakayekataa. Lakini na aangalie msomaji maysir ya Waarabu wa Jahiliya ilivyokuwa. Wafasiri wa Qur'ani wameeleza kwamba walikuwa wakichinja ngamia, kisha wakipiga mishale kumi, saba ina mafungu na mitatu ni mitupu. Aliyetokewa na mshale mtupu alilipa thamani ya ngamia, na aliyeshinda hakula nyama ile, bali aliwagawia maskini, akajifahiri kwa ukarimu wake. Hiyo ilikuwa kamari ambayo mshindi wake hakupeleka hata kipande nyumbani, na maskini ndio walioshiba. Na Qur'ani haikukanusha manufaa yake. Iliyataja, kisha ikaeleza kwamba dhambi yake ni kubwa zaidi, na katika Sura ya Al-Maida ikaikataza pamoja na ulevi.