Deni la Mfano

Mfano wa kitu si kitu chenyewe. Juu ya neno hili hapana ugomvi. Ugomvi huanza mtu anapouliza mfano unawiwa nini na kitu kile uliofananishwa nacho. Mfano ukikosea, amekosewa nani? Kitu chenyewe hakina habari. Chuma wala ubao havioni haya kwa kuigwa vibaya. Aliyeufanya mfano huenda akawa radhi nao, na mtazamaji asiyeijua asili hawezi kuhisi kwamba amepunjwa. Walakini wako watu wazima, wenye akili timamu, ambao hukosa raha kwa sababu bawa la ndege ya plastiki limepungua milimita moja, na si haki kuwacheka kabla ya kuwasikiliza.

Ndege hizo huuzwa katika makasha, vipande vikiwa bado vimeshikamana na vijiti vya kalibu, pamoja na karatasi ya maelekezo na alama za kubandika. Mnunuzi hukata, husugua, hugundisha na kupaka rangi. Ukubwa wake hutajwa kwa kipimio kama kile cha ramani: 1 kwa 72 ni mfano mdogo wa kuwekwa kiganjani, 1 kwa 32 na 1 kwa 24 ni mifano mikubwa. Kampuni ya Airfix ya Uingereza ilitoa Spitfire ya 1 kwa 24 mwaka 1970, na tangu hapo shindano la ukubwa na usahihi halikupoa. Baina ya 2009 na 2020 kampuni ya Wingnut Wings ya New Zealand, iliyoasisiwa na mwongozaji wa filamu Peter Jackson, iliuza mifano ya 1 kwa 32 ya ndege za Vita Kuu ya Kwanza, na miongoni mwake ilikuwamo B.E.2c. Ndege hii ina habari na Tanzania: mwaka 1916 marubani wa Uingereza na wa Afrika Kusini waliirusha katika vita vya kuitwaa Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Mabawa yake yalikuwa na upana wa mita 11.28 kutoka ncha hata ncha. Katika mfano hupungua yakawa sentimita 35 na robo.

Hapa pana jambo la kustaajabisha. Kosa la milimita 1 katika mfano wa 1 kwa 72 ni kosa la milimita 72 katika ndege yenyewe, yaani upana wa vidole vinne. Kosa lile lile katika mfano wa 1 kwa 32 ni milimita 32 tu, vidole viwili hivi. Basi mfano mkubwa uliokosea milimita moja umeikaribia asili zaidi ya mara mbili kuliko mfano mdogo uliokosea kadiri hiyo. Lakini malalamiko hayafuati hesabu. Mdogo husamehewa, mkubwa hushitakiwa. Jicho ni sababu moja, kwa kuwa huona zaidi kilicho kikubwa, lakini iko sababu nyingine yenye nguvu zaidi: mkubwa umeahidi mengi. Mdogo ulisema tu, “Ndege hii ilikuwa na mabawa mawili, moja juu ya jingine.” Mkubwa umeonyesha saa za rubani, mishono ya kitambaa, hata mikanda ya kiti, na kila ulichoonyesha ni neno ulilosema. Aliyesema mengi ana mengi ya kuulizwa.

Tena mfano ulio sahihi hauwezi kuwa mkweli kwa kila jambo, hata mfanyaji akitaka. Ichukuliwe ndege ya mabati kama Spitfire. Mahali bati moja linapokutana na jingine pana ufa mwembamba sana. Mafundi wa kalibu huuonyesha ufa huo kwa mfuo, na mfuo wa robo ya milimita katika mfano wa 1 kwa 32 ni sawa na mfereji wa milimita 8 katika ndege yenyewe. Kalamu ya risasi ingelala humo, na hakuna rubani ambaye angekubali kupanda ndege yenye mifereji ya namna hiyo. Bati lenyewe, likiwa na unene wa milimita 1, lingepaswa katika mfano kuwa jembamba kuliko karatasi ya kuandikia, na plastiki haimiminiki hivyo. Mfano usio na mfuo wowote ungekuwa karibu zaidi na kweli ya rula, lakini mtazamaji angesema ni kipande cha sabuni, kwa kuwa jicho linajua kwamba mabati yameungwa na linadai kuona yalipoungwa. Kwa hiyo mfanya mifano huikosea rula ili asilikosee jicho. Je, huo ni udanganyifu? Hapana, maadamu desturi hiyo inajulikana kwa kila mtazamaji, kama vile msomaji wa ramani anavyojua kwamba barabara kuu ya Tunduma haina upana wa kilomita nzima uliochorwa kwa wino mwekundu.

Udanganyifu hupatikana kwingine. Hupatikana mtu anapodai kuwa amepima, naye hakupima. Michoro ya ndege za kale imechapwa vitabuni tangu zamani, na baadhi yake ilichorwa kwa kubahatisha kutoka kwenye picha. Mchoraji wa pili huiga kosa la wa kwanza, mtengeneza kalibu huliiga la wa pili, na kosa likishapita mikono mitatu huvaa kanzu ya kweli, hata yule aliyeipima ndege yenyewe akaonekana mzushi. Mwanafunzi wa tenzi za kale anaujua ugonjwa huu. Miswada ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu, ambayo mingi ilikusanywa na J. W. T. Allen na kuhifadhiwa Dar es Salaam, ilinakiliwa na mikono mingi kabla ya kufika maktabani, na nakala mbili za utenzi mmoja aghalabu hazilingani. Mwandishi anayekuta neno lililofutika ana njia mbili: kuacha pengo, au kutia neno lake kimya kimya likaenda kwa vizazi kana kwamba ni la mtungaji. Njia ya pili hupendeza zaidi kwa macho, na vitani vya rangi za ndege imepitwa na watu wengi. Rangi ya ndege za Waingereza iliyoitwa PC10, iliyochanganywa kwa udongo wa manjano na weusi wa masizi, wengine huapa ilikuwa ya kahawia na wengine huapa ilikuwa ya kijani, ilhali vipande vilivyobaki vimezeeka na jua na vumbi na mafuta. Yumkini wote wana haki kidogo. Lakini kasha halisemi “yumkini”. Kasha huonyesha rangi moja.

Makasha ya namna hiyo ni ghali na hayaonekani kwa urahisi madukani Tunduma. Huko mifano huundwa kwa mkono. Tunduma umekaa mpakani, ukitazamana na Nakonde ya Zambia, na malori yaendayo Zambia na Kongo hupita hapo na kurudi, mengine yakibeba shaba. Tangu 2019 nchi mbili hizo zina kituo cha pamoja cha forodha, hata hivyo malori bado husimama. Mtoto hukusanya waya, huukunja kwa koleo au kwa meno, hukata matairi kutoka kandambili iliyochakaa, na kufunga usukani juu ya waya mrefu ili aendeshe lori lake akiwa wima, akikimbia nyuma yake. Kipimio chake hakiandikwi popote. Kichwa cha lori huenda kikawa kikubwa kuliko trela, na mlango ukakosekana. Lakini magurudumu ya mbele hugeuka usukani ukigeuzwa, na trela hufuata kichwa kwa kukata kona kama lile la barabarani. Plastiki ya ghali huonyesha usukani wa rubani mpaka saa ya mwisho, na mara nyingi usukani wenyewe haugeuki.

Mtoto huyo huyo akiunda ndege, mambo hubadilika. Ndege ameiona kwa mbali. Uwanja unaoitwa wa Songwe, uliofunguliwa 2012, umo katika Mkoa wa Mbeya, na Mkoa wa Songwe wenyewe, uliozaliwa 2016, ulirithi jina bila ya uwanja. Basi ndege yake itakuwa na mabawa na mkia, na chini yake huenda akaweka magurudumu ya lori, kwa sababu magurudumu anayoyajua ni hayo. Hapo amekosea, lakini kosa lake linasomeka. Mtu aliyezoea kutazama anaweza kuonyesha kwa kidole mahali ushahidi wa mtoto ulipokwisha na dhana yake ilipoanza.

Mpenda usahihi anaweza kujibu kwamba huko ni kumbembeleza mtoto. Kosa ni kosa, atasema, na gurudumu la lori chini ya ndege halipati uhalali kwa sababu aliyelitia ni maskini. Jibu hilo lina nguvu, wala halifai kupuuzwa. Umaskini haubadili ukweli wa ndege. Lakini unabadilisha kitu kimoja, nacho ni kiasi cha dai. Shahidi barazani halaumiwi kwa kutoyaona yaliyotendeka nyuma ya ukuta, hulaumiwa akiyasimulia. Mfano nao ni shahidi. Kama hivyo ndivyo, mpimaji wa milimita anayo haki kamili mbele ya kampuni iliyochapa juu ya kasha lake kwamba imepima, na haki hiyo hupungua mbele ya mtoto ambaye hakumwambia mtu kwamba amepima.

Hoja ya ushahidi, hata hivyo, haimwachi mpimaji salama. Shahidi huulizwa pia juu ya alichokiona akakinyamazia. B.E.2c ya 1 kwa 32 ina mahali pa bunduki, na mjenzi huambiwa aunganishe mabawa kwa nyuzi nyembamba moja moja, kila uzi mahali pake, kwa kuwa ndege ile ilishikiliwa na nyaya. Ni kazi ya siku nyingi, na mwenye kuifanya hustahili heshima. Vita iliyoileta ndege hiyo Afrika ya Mashariki nayo ilishikiliwa na kitu: vichwa na mabega ya wapagazi. Makumi ya maelfu walikufa kwa njaa, kuhara na kuchoka, na jina la kikosi chao limebaki Dar es Salaam na Nairobi katika neno Kariakoo. Mpaka wa Tunduma uliyaona hayo. Mwanzoni mwa Novemba 1918 jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck lilifika Fife, ng'ambo ya mpaka, si mbali na Nakonde, na tarehe 25 ya mwezi huo likasalimu amri Abercorn, ambayo leo ni Mbala. Askari wa pande zote mbili walikula kilichobebwa na wapagazi. Hakuna anayetazamia kasha la ndege liwe na mpagazi wa plastiki; mfano wa ndege ni mfano wa ndege. Lakini mtu aliyetumia miezi sita kutafuta rangi ya kitambaa cha bawa, akajiita mlinzi wa historia, amejiongezea dai, na dai hilo rula haiwezi kulilipa.

Karibu na mwaka 2020 zilienea habari na picha za fundi mmoja wa Tunduma aliyekuwa akiunda helikopta. Picha humwezesha mtazamaji kusema jambo moja tu, kwamba inafanana au haifanani. Na sifa za haraka na kicheko cha haraka vilikuwa na asili moja, kwa kuwa vyote viwili vilimhukumu fundi kana kwamba amefanya mfano. Chombo chenye ukubwa wa kweli, kilichokusudiwa kuruka, si mfano tena. Kipimio chake ni 1 kwa 1, na deni lake ni kwa hewa. Panga mbili za helikopta zisipolingana kwa uzito, chombo kizima hutetemeka, na tetemeko likizidi huvunja. Hapo milimita na gramu alizochekwa nazo mpenda plastiki zinakuwa uhai wa mtu. Ndiyo maana sheria ya Tanzania humtaka mwenye chombo apate kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga kabla ya kuruka, na mkaguzi haulizi kama chombo kinapendeza pichani. Huuliza kimeungwa kwa nini, kimejaribiwaje, na nani aliandika vipimo. Ni maswali makali. Lakini katika kuulizwa hivyo fundi hupewa heshima ambayo wasifu wake hawakumpa, kwa kuwa swali la namna hiyo halimfikii mtu anayechezea bati.

Kati ya lori la waya na helikopta ile pana njia, na mwalimu wa shule ya mpakani amesimama katikati yake. Mtoto humletea lori lake. Akisema “zuri sana” amemfukuza kwa upole; akicheka amemfukuza kwa ukali. Anaweza pia kulipokea, akaligeuza chini juu, akauliza lori lile la barabarani lina ekseli ngapi nyuma. Mtoto ataona haya kidogo, kwa sababu alitia mbili bila ya kuhesabu. Barabara haiko mbali, na foleni ya forodha haijasogea tangu asubuhi. Ana wakati wa kutosha kuinama na kuhesabu.