Ruhusa ya Mgonjwa ni Amana

Ndugu Waislamu, Mwenyezi Mungu Subhanahu wa Taala amemruhusu mgonjwa kula mchana wa Ramadhani, akalipe siku nyingine. Ikiwa Mola amemkhafifishia mja wake faradhi, tajiri ni nani hata amkatie mshahara mtumishi aliyelala na homa?

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 imelieleza jambo hili. Aliyetumika miezi 2 mfululizo ana haki, katika kila miezi 12, ya siku zisizopungua 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, kisha siku 7 kwa nusu mshahara. Ampashe tajiri habari mapema, na alete cheti cha daktari. Anayemzuilia hakumnyima sadaka; amemdhulumu haki yake.

Lakini cheti ni ushahidi. Mzima akikinunua apate kwenda harusini, ameshuhudia uwongo, na daktari aliyekitia sahihi ni mshirika wake. Wala hakumpunja tajiri peke yake. Kesho mwenzake ataugua kweli, na hatasadikiwa. Huyo ndiye aliyeibiwa.

Tajiri naye asiwahukumu wote kwa uwongo wa mmoja. Mgonjwa aseme kweli, tajiri alipe. Na Mola anawaona wote wawili.