Joto la Utah

Mama alikuwa na amri moja kuhusu ndoo ya maji ya kuoga: koroga kwanza. Ukimimina maji ya moto juu ya baridi bila kukoroga, kidole kitaapa kwamba ndoo nzima ni ya moto, kumbe chini bado ni baridi.

Amri hiyo hunijia kila nisomapo kuhusu Martin Fleischmann na Stanley Pons. Tarehe 23 Machi 1989, Chuo Kikuu cha Utah, waliwatangazia waandishi wa habari kwamba wameunganisha viini vya atomu ndani ya chombo cha mezani, kwa kupitisha umeme kwenye maji mazito na kijiti cha paladiamu. Ushahidi wao mkuu ulikuwa joto: walidai chombo kilitoa nishati nyingi kuliko umeme ulioingia. Mwezi Mei, mkutanoni Baltimore, mkemia Nathan Lewis aliuliza swali la mama: mlikoroga? Kipimajoto husoma pale kilipo tu. Wao walijibu kwamba viputo vya gesi vilitosha kukoroga.

Halafu joto lile, kama lingetoka kwenye viini kwa njia inayojulikana, lingekuja na nyutroni za kuwaua waliokuwa chumbani. Nao walikuwa hai (wanafizikia waliutania sana uzima huo).

Rafiki zangu huwaita matapeli. Mimi siwezi. Tapeli hatumii fedha zake mwenyewe kugharamia majaribio, kama walivyofanya wao mwanzoni. Tena walisimulia kwamba miaka ya nyuma kipande cha paladiamu kiliyeyuka usiku na kuharibu meza ya maabara. Ukishaiona meza yako imeungua, unaanzaje kumshuku kipimajoto anayekubaliana nawe?

Basi kosa lao naliweka kwingine. Mtu akitamani jibu fulani, hana budi kumpa kipimo asiyelitamani, kisha asubiri. Wao walijua kuna mtafiti mwingine jirani anayefukuzia jambo lilelile, wakakimbilia kamera.

Nasema hivi nikijua mimi pia si mwamuzi safi. Mwaka 2019 watafiti waliofadhiliwa na Google walichapisha katika jarida la Nature kwamba wamerudia majaribio kwa miaka kadhaa bila kuliona joto lile. Niliisoma taarifa hiyo jikoni, nikipepea mkaa uliogoma kushika, na nilisikitika.