Nasaha kwa Anayenuia Kununua Nyumba na Kuishi Ugiriki

Ndugu yangu unayenuia kuweka makazi Ugiriki, jua jambo hili kabla ya kuangalia picha za nyumba nyeupe zinazotazama bahari. Mwenyeji wa huko akiteleza ana mjomba kijijini, ana jamaa wa kumsemea, na jina la babake linajulikana. Wewe mgeni una vitu viwili tu: karatasi zako na adabu zako. Karatasi zitakupa haki ya nyumba, adabu zitakupa nafasi mtaani, na kimoja hakizibi pengo la kingine.

Tuanze na karatasi, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Usitoe arubuni kabla hujapata wakili wako mwenyewe, asiye wa muuzaji wala wa dalali. Mwachie achunguze umiliki katika Ktimatologio, daftari la ardhi la taifa. Nyumba nyingi za vijijini ni urithi wa ndugu watatu au wanne, na mmoja wao huenda anaishi Melbourne au Chicago. Sahihi yake ikikosekana, umenunua fungu, hukununua nyumba.

Baada ya wakili, tafuta mhandisi. Ugiriki ina majengo mengi yaliyoongezwa bila kibali: baraza iliyozibwa ikawa chumba, au ghorofa iliyopandishwa bila ramani. Muuzaji atakwambia kila mtu anafanya hivyo, na huenda anasema kweli. Lakini kila mtu ana mjomba, wewe huna. Bila cheti cha mhandisi kuwa jengo ni halali, au kwamba kasoro zake zimerekebishwa kisheria, hati ya mauzo haiandikwi. Kwa kiwanja, uliza kama kimo katika ramani za misitu, maana hapo hujengi hata kama kuna mizeituni. Kwa kawaida kiwanja kilicho nje ya mpango wa mji hutakiwa kifike mita za mraba 4,000 ndipo kijengwe. Na kama si raia wa Umoja wa Ulaya, visiwa vya mpakani kama Rhodes, Lesbos na Samos vinakutaka uwe na kibali maalumu cha serikali kabla ya kununua.

Usiombe wala usikubali bei ya uongo iandikwe kwenye hati ili kupunguza kodi ya uhamisho, ambayo ni asilimia 3 na nyongeza kidogo. Siku hizi sheria haikubali malipo ya nyumba kwa fedha taslimu, hivyo benki itasema usichosema.

Wala usidanganyike kwamba ufunguo ni kibali cha kuishi. Utaratibu wa kupewa ukaazi kwa kununua nyumba ulianza 2013 kwa euro 250,000. Tangu 2024 kiwango kimepanda hadi euro 800,000 katika mkoa wa Attica (ulio na Athens), Thessaloniki, Mykonos, Santorini na visiwa vyenye watu zaidi ya 3,100, na euro 400,000 sehemu nyingi nyingine. Nyumba iwe moja, isiyopungua mita za mraba 120, na huruhusiwi kuipangisha kwa watalii wa siku chache. Ukinunua kwa bei ya chini ya hapo nyumba ni yako, lakini kwa kawaida ruhusa ya kukaa utaitafuta kwa njia nyingine.

Sasa adabu. Aliyehamia ndiye anayeanza salamu. Salimu ngazini, salimu dukani, salimu wazee walioketi kwenye mgahawa wa kahawa. Akikualika mtu kikombe, usikimbilie kulipa. Kumnyang'anya mwenyeji ukarimu wake ni kumvunjia heshima, na zamu yako itafika. Kumbuka pia kwamba kwao anayesherehekea ndiye anayewakirimu wenzake, iwe siku ya kuzaliwa au siku ya mtakatifu mwenye jina kama lake. Mwenye jina kama Juma hana mtakatifu huko, lakini hilo halimwondolei wajibu: siku yake ya kuzaliwa ikifika, anunue vitamu awapelekee jirani.

Chunga mkono wako. Kwetu kiganja kilichotanuliwa ni salamu, lakini Ugiriki kumwelekezea mtu kiganja wazi chenye vidole vilivyotawanyika ni tusi zito. Ukitaka vitu vitano sokoni, geuza kiganja kwako. Na mtu akiinua kichwa nyuma na kutoa mlio wa ulimi, usidhani amekusonya: amesema hapana.

Heshimu mapumziko ya mchana. Kuanzia Aprili hadi Septemba, utulivu umewekwa kisheria kuanzia saa tisa alasiri hadi saa kumi na moja na nusu, kisha saa tano usiku hadi saa moja asubuhi. Majira ya baridi utulivu wa mchana huanza saa tisa na nusu, na wa usiku ni saa nne hadi saa moja na nusu asubuhi. Fundi wako asitoboe ukuta saa hizo, na asiyejua hilo aambiwe nawe kabla hajaambiwa na polisi.

Katika jengo la ghorofa, lipa mapema mchango wa pamoja wa lifti, usafi na joto, na uhudhurie vikao vya wakazi. Karatasi ya chooni itupe kwenye ndoo, kwa kuwa mabomba ya majengo mengi ni membamba. Ukijenga karibu na bahari, usizungushe ua ufukweni. Ufukwe ni wa umma, na jirani yako ana haki ya kuogelea mbele ya nyumba yako.

Pasaka ndiyo sikukuu yao kubwa, na mara nyingi haiangukii siku moja na ya Wakatoliki. Ijumaa Kuu zima muziki, maana jioni jeneza la Kristo lililopambwa maua hupitishwa mitaani. Ukialikwa mwanakondoo wa Jumapili, nenda. Mwislamu naye aende kumpongeza jirani yake, ale kilicho halali kwake. Yeye pia ana pake: Athens ilifungua msikiti rasmi huko Votanikos mwaka 2020.

Kodi ya nyumba ya kila mwaka, ENFIA, usiicheleweshe. Usitie saini karatasi usiyoielewa, na usipite mlango wa jirani bila salamu. Ukishika hayo mawili, mengine yote watakufundisha wenyeji wenyewe.