Je, Kusahau ni Kosa?

Mtoto ajifunzapo somo jioni hata akalisema lote pasipo kukosa, na asubuhi yake akasimama kimya mbele ya mwalimu, twamwita mvivu. Hata mimi naliitwa hivyo zamani, nikasimamishwa juani hata adhuhuri. Basi nauliza: je, kusahau ni kosa?

Alikuwako Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, aliyetaka kujua jinsi mtu asahauvyo. Alitunga silabi zisizo na maana yo yote, zaidi ya 2,000, ili maana isimsaidie. Akazipanga mistari mistari, akajifunza kwa moyo yeye mwenyewe. Kisha alingoja, akajifunza mistari ile ile upya, akapima ni kiasi gani kazi ya kwanza ilimpunguzia kazi ya pili. Mwaka 1885 akatoa kitabu. Baada ya saa moja tu, zaidi ya nusu ya faida ile ilikuwa imekwisha potea. Baada ya siku moja ilibaki kama theluthi. Lakini baada ya mwezi mzima sehemu ya tano ilikuwako bado, ingawa mwenyewe angalidhani amesahau yote. Naye hakuwa mtoto wala mvivu.

Tena aliona kwamba kuurudia mstari wa silabi 12 mara 68 kwa siku moja hakukumfaa kuliko kuurudia mara 38 zilizogawanywa katika siku tatu.

Labda mtu atasema, Basi hakuna wa kulaumiwa. Mimi sioni hivyo. Mtu aliyeazima jembe, akaahidi kulirudisha kabla ya mvua, akasahau, jirani yake akachelewa kupanda: je, neno “nilisahau” litamlisha jirani? Kusahau kwenyewe hakukuwa katika uwezo wake, lakini kumwambia mkewe amkumbushe kulikuwa katika uwezo wake. Kosa liko hapo, kabla ya kusahau.

Lakini mtoto hajui bado kujilinda hivyo. Ajuaye ni mwalimu, naye ndiye apangaye siku za kurudia. Akimwaga somo la juma zima katika jioni moja, kisha akaliuliza mara moja tu, ni nani aliyeacha wajibu wake?

Mwalimu wangu yule alitusomea somo jioni ile, wala hakulirudia nasi tena. Neno lake hata moja silikumbuki, jua nalikumbuka.